Koti la Keya: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Filamu Yetu Fupi ya Katuni

Tangu tuanze kuionyesha filamu hii, maswali hayajakoma. Mengi yametoka kwa wajukuu wa askari, wengine wakiuliza kwa sauti ya chini baada ya taa kuwashwa, watu wakiwa wanatoka. Mimi ndiye niliyeiandika na kuiongoza, kwa hiyo majibu haya ni yangu. Ninaposema "sisi" ni mimi na wenzangu wawili: mmoja alichora mandhari yote, mwingine alishughulikia sauti.

Filamu inahusu nini hasa?

Kijana wa vilima vya Songea anaingia jeshi la mfalme wa Uingereza, anavuka bahari, anatembea kwa miezi katika matope ya Bonde la Kabaw huko Burma, ambayo leo ni Myanmar, mwaka 1944, kisha anarudi kwao. Basi. Ni dakika 11. Nusu ya kwanza ni safari na vita, nusu ya pili ni kurudi. Watu wengi hufika wakitarajia kurudi kuwe sekunde chache tu za mwisho, mama analia, ngoma inapigwa, kwisha. Kwetu kurudi ndiko kulikokuwa kazi ngumu zaidi, na kulistahili kupewa muda wake.

Ni kisa cha kweli? Huyo askari ni nani?

Mhusika ni wa kubuni, na kwa makusudi hana jina. Ofisa anamwita kwa namba, wenzake wanamwita "ndugu", mama yake anamwita "mwanangu". Tulifikiria kumpa jina la babu yangu, tukaona haki haitendeki, kwa sababu mengi yanayomkuta kwenye filamu yaliwakuta watu wengine.

Koti ndilo la kweli. Babu alirudi nalo 1946 na aliishi nalo mpaka alipofariki nikiwa kidato cha pili. Ni koti refu la sufu, zito kiasi kwamba mtoto akilivaa magoti yanakunja. Lilikuwa na vifungo vya shaba, ila cha tatu kutoka juu kilipotea na bibi akashona kipande cha mti alichokichonga mwenyewe, cha mviringo, chenye matundu mawili yasiyolingana. Bitana ya upande wa kushoto ilichanika ikatiwa kiraka cha kitambaa cha gunia. Ukiliinamia ulisikia tumbaku na moshi wa kuni. Katika filamu utakiona kile kifungo cha mti mara tatu. Tumekichora kama kilivyo, na matundu yake.

Kuhusu vita vyenyewe babu hakusimulia. Tukimuuliza, "Babu, Burma kulikuwaje?" alijibu neno moja: "Mvua." Mvua kubwa ikianza kupiga bati, sote tukikimbilia ndani, yeye alichukua koti lake akatoka kukaa barazani. Alikaa kimya mpaka ikatike. Hakuna aliyemfuata. Filamu nzima imetoka katika picha hiyo moja.

"Keya" maana yake nini?

Ni jinsi wazee wetu walivyolitamka KAR, kifupi cha King's African Rifles, jeshi ambalo Waingereza waliliunda 1902 kwa kuunganisha vikosi vyao vya Nyasa (leo Malawi), Uganda na Afrika Mashariki. Mtu alikuwa "askari wa keya", aliporudi alikuwa "mzee wa keya". Vijana wengi wa leo hawajawahi kulisikia neno hilo, nami nililitaka katika jina la filamu ili wawaulize wakubwa wao.

Je, hii ni habari ya sanamu la Askari pale Posta? Na Kariakoo?

Hapana, ingawa sanamu linaonekana kwa sekunde chache. Swali hili linakuja kila mara, kwa hiyo niliseme polepole. Vita vilikuwa viwili. Sanamu la Posta, Dar es Salaam, liliwekwa 1927 kuwakumbuka waliopigana Vita vya Kwanza, vile ambavyo wazee waliviita vita vya Mjerumani, 1914 hadi 1918. Mahali hapohapo palikuwa na sanamu la gavana wa Kijerumani, Wissmann, likaondolewa. Askari wa shaba anaelekeza singe yake bandarini. Maandishi yaliyo chini yake yanawataja pia wapagazi, waliokuwa miguu na mikono ya jeshi.

Wapagazi hao ndio waliolipa jina Kariakoo letu na Kariokor ya Nairobi, kutokana na Carrier Corps. Walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa kuhara, malaria na njaa kuliko risasi. Mwaka 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola, CWGC, ilichapisha ripoti ikikiri kwamba kati ya watu 116,000 na huenda 350,000 waliokufa katika vita hivyo, wengi wao Waafrika, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Hao wanastahili filamu yao wenyewe, na ndefu kuliko hii.

Askari wetu ni wa vita vya pili, vya Hitila. Anapita mbele ya lile sanamu siku anapopelekwa kupanda meli. Hilo lilikuwa la lazima kwangu: kijana anatazama askari wa shaba asiye na jina, nasi tunajua anakokwenda.

Watu wa Songea, Machakos na Gulu walifikaje Burma?

Hata watu waliosoma historia huniuliza hili, kwa hiyo nitalieleza kwa urefu.

Japani iliiteka Singapore Februari 1942, na Rangoon, mji mkuu wa Burma wakati huo, mwezi uliofuata. Kwa wakati huo askari wa keya walikuwa wameshapigana na Waitalia Somalia na Ethiopia mwaka 1941, na 1942 wakapelekwa Madagaska. Waingereza wakaona jeshi linaloweza kutembea na kupigana porini wanalo. Mwaka 1943 wakaunda Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, nembo yake kichwa cha kifaru, mnyama wa kwetu. Ndani yake walikuwamo vijana wa Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasa na Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. Ikapelekwa kwanza Sailoni, ambayo leo ni Sri Lanka, kujifunza vita vya msituni.

Wajapani walipovunjwa nguvu Imphal na Kohima, upande wa India, katikati ya 1944, walianza kurudi nyuma kuelekea mto Chindwin. Jenerali Slim aliyeongoza Jeshi la 14 hakutaka wapumue, na mvua za monsuni zilikuwa zimeshaanza. Divisheni ya 11 ndiyo iliyopewa kuwafuata kupitia Bonde la Kabaw, kutoka Tamu kwenda kusini. Bonde hilo lilikuwa na malaria na homa ya tifasi inayoletwa na utitiri wa vichakani kiasi kwamba wenyewe waliokuwamo waliliita bonde la mauti. Barabara iligeuka uji. Magari yalizama, nyumbu wa mizigo walizama, chakula kikawa kinaangushwa na ndege kwa miamvuli, na ndege zisipoona ardhi kwa mawingu watu hawali.

Walifika Kalewa, ukingoni mwa Chindwin, mwanzoni mwa Desemba 1944. Wahandisi wakajenga hapo daraja la vyuma vya kuunganishwa vipande, liitwalo Bailey, la karibu mita 350, lililokuwa refu kuliko yote ya aina yake duniani kwa wakati huo. Katika filamu magari yanavuka daraja hilo kwa msururu usioisha, na askari wetu amekaa pembeni akiyatazama, akichuna ruba miguuni. Ndivyo ilivyokuwa: jeshi kubwa lilipita kwenda kuikomboa Burma, na divisheni iliyofungua njia ikarudishwa India kupumzika. Brigedi moja tu ya Afrika Mashariki, ya 28, iliendelea mbele mpaka mto Irrawaddy.

Kwa jumla, zaidi ya watu 300,000 wa Afrika Mashariki walitumika katika vita hivyo, Tanganyika peke yake ikitoa takriban 87,000. Kila ukoo mkubwa wa huku una mtu wake humo.

Ile meli inayozama ilikuwapo kweli?

Ilikuwapo. Jina lake Khedive Ismail. Iling'oa nanga Mombasa kwenda Colombo, na tarehe 12 Februari 1944, karibu na visiwa vya Maldivi, nyambizi ya Kijapani iliipiga. Ilizama kwa dakika chache mno. Walikufa watu 1,297. Kundi kubwa kuliko yote lilikuwa la wapiga mizinga wa Afrika Mashariki, waliokuwa sehemu ya chini ya meli, na pamoja nao walikufa wauguzi wengi. Manowari zilizokuwa zikiilinda zililazimika kuisaka nyambizi kwa mabomu ya majini palepale watu walipokuwa wakiogelea.

Sikutaka kuchora watu wakifa maji. Tulichora deki ya meli nyingine katika msafara huohuo, na askari wetu ameshika ukingo, anatazama mahali ambapo sekunde iliyopita palikuwa na meli. Halafu bahari tu, sekunde tisa. Wapo waliotuambia sekunde tisa ni nyingi, tupunguze. Hatukupunguza. Majina ya wale wapiga mizinga yamo kwenye ukumbusho ulio ndani ya makaburi ya vita ya Nairobi, njia ya Ngong. Wakenya mnaoishi karibu, nendeni mkayasome.

Mbona hakuna mapigano mengi?

Yapo mara mbili, na yote mawili ni mafupi. Msitu ule ulikuwa mnene hivi kwamba mtu aliweza kupigwa risasi asimwone aliyempiga. Kilichowamaliza watu siku kwa siku kilikuwa kutembea, kuchimba, kubeba, kuumwa, kungoja. Kwa hiyo tulichora hayo. Tendo linalorudiwa zaidi katika filamu ni la mtu kuchomoa mguu kwenye tope. Tulilichora upya zaidi ya mara kumi mpaka uzito wake ukakubali. Ukiwa umewahi kulima jarubani utajua tope linavyoshika: kisigino ndicho kinachong'ang'aniwa, vidole vinatoka kwanza.

Kwa nini katuni? Katuni si za watoto?

Kwa sababu kamera haikusimama upande wake. Picha za vita vile zipo, na nyingine ni nzuri sana, lakini zilipigwa na jeshi kwa matumizi ya jeshi. Askari wetu ndani yake anacheka na meno yote nje, au anapiga gwaride. Hakuna picha ya usiku wa kwanza kambini, wala ya mtu anayeamka nyumbani kwake saa nane za usiku na kukaa kitako. Hayo anaweza kuyaleta mchoraji tu. Na bei nayo: kuwavisha watu 200 sare za 1944 na kuwapeleka msituni ni fedha ambazo hatutakuja kuziona, ila kuwachora 200 ni muda na mkono.

Kuhusu watoto, mchoro ni mchoro. Kinyago cha Kimakonde kinachongwa kwa mti uleule unaochongewa kijiko, na hakuna anayekiita cha watoto.

Imechorwaje?

Mandhari yote ni mkaa. Mkaa wa jikoni hasa, uliochaguliwa vipande laini, juu ya karatasi nene, kisha ukapakazwa kwa kitambaa na kidole. Tulianza na rangi za maji, ila msitu ulitoka mzuri kupita kiasi, kama kalenda ya ukutani. Mkaa ulitupa ukungu na matope bila kuvitafuta. Kila karatasi ilipigwa picha kwa simu iliyofungwa kwenye kiunzi cha mbao, dirisha likiwa limezibwa kwa kanga mbili ili mwanga usibadilike.

Watu walichorwa kwenye kompyuta kwa programu ya Krita, ambayo ni ya bure, na kuunganishwa kwa Blender, nayo ya bure. Nawaambia hili vijana wanaodhani hawawezi kuanza kwa sababu hawana fedha ya programu. Sekunde moja ya filamu ina fremu 24. Sisi tulichora 12, kila mchoro ukikaa fremu mbili, jambo la kawaida katika kazi hii. Kwa dakika 11 hiyo ingekuwa michoro 7,920. Haikufika huko, kwa kuwa zipo nyakati ambapo mtu ametulia na kinachocheza ni mvua peke yake.

Rangi ni moja tu, manjano. Ni ya vidonge vya mepakrini walivyomezeshwa kila siku kuzuia malaria, vidonge vilivyogeuza ngozi kuwa ya manjano. Tuliona kwamba rangi pekee katika maisha ya mtu yule iwe kitu kidogo kilichowekwa ulimini mwake kwa amri. Mwishoni rangi hiyo inarudi mahali pengine. Sitasema wapi.

Ilituchukua miaka minne. Katika mwaka wa tatu umeme ulikatika, ukarudi kwa kishindo, na diski tuliyohifadhia kazi ikaungua. Tulipoteza sekunde 40 za Chindwin. Nakala hatukuwa nayo. Tulizichora upya kwa miezi miwili, na mto wa mara ya pili ulitoka mzito zaidi, wa kutisha zaidi. Tangu siku hiyo tunatunza nakala tatu, moja ikiwa nyumba nyingine kabisa. Nawe ufanye hivyo leo.

Sauti ya mvua mmeipata wapi?

Mwenzetu wa sauti alirekodi kwanza mvua ya Dar juu ya bati, tukaiweka, tukakaa kuisikiliza, na kitu kikakataa. Burma porini hakukuwa na bati. Akangoja masika yaliyofuata, akaenda Morogoro kurekodi mvua juu ya migomba na juu ya turubai. Matope ni udongo wa mfinyanzi ndani ya beseni, na mkono wake mwenyewe. Mvua ya bati imo, lakini inasikika mara ya kwanza askari anapokuwa amerudi nyumbani. Msikilizaji asipoitambua tofauti, mwili wake unaitambua.

Kwa nini askari wanaongea Kiswahili cha ajabu mbele ya ofisa, halafu kizuri wakiwa peke yao?

Nashukuru kwa kila anayeliuliza hili, maana tulilitolea jasho.

Jeshi la keya lilikuwa na lugha yake, Kiswahili kilichopunguzwa ngeli na nyakati mpaka kikabaki mifupa: "Wewe nakwenda wapi?", "Hapana jua". Maofisa wa Kizungu walitakiwa kujifunza Kiswahili, na hicho ndicho kilichokuwa rahisi kwao. Askari waliotoka mbali na pwani nao walikutana nacho kambini, kwa hiyo kikawa daraja la wote. Nakiheshimu. Kiliwakutanisha Mngoni, Mkamba na Mwacholi, na kilirudi nao vijijini na kukieneza Kiswahili mahali ambapo shule hazikuwa zimefika.

Tatizo ni pale filamu na vitabu vya zamani vinapomfanya askari aongee hivyo masaa 24, mpaka ndani ya mawazo yake, kana kwamba hana lugha nyingine. Hakuna mtu mzima anayeota kwa lugha ya amri. Kwa hiyo uamuzi wetu ulikuwa huu: mbele ya ofisa ni kikeya. Kati ya Watanganyika wenyewe ni Kiswahili kamili, chenye methali na matusi. Akiwa na homa, anaweweseka Kingoni. Upo pia mstari mmoja wa Kinyanja, kwa sababu vikosi vya Nyasa vilikuwa na lugha yao. Tuliwaomba wazee watatu watusikilizie mazungumzo kabla ya kurekodi. Mmoja alitukatiza kwenye sentensi ya pili: "Askari hasemi 'tafadhali nipe maji'. Anasema 'lete maji, ndugu yangu, nakufa.'" Tukabadilisha.

Yule Mjapani aliyejeruhiwa anaogopa nini hasa?

Miongoni mwa askari wa Kijapani ulienea uvumi kwamba Waafrika wanakula watu. Ndicho anachokiogopa anapoona mtu mweusi ameinama juu yake. Askari wetu hajui lolote kuhusu uvumi huo. Yeye anaona mtu mwenye kiu, anafungua chupa ya maji. Onyesho zima halina neno hata moja, na wapo walioomba tuweke maelezo. Nadhani linaeleweka.

Hamuoni kwamba mnausifu ukoloni? Alipigania mfalme ambaye si wake.

Swali hili nimeulizwa kwa hasira, na hasira hiyo naielewa. Vijana wengine walijiandikisha kwa hiari, kwa ajili ya mshahara, sare, au kutaka kuona dunia. Wengine chifu aliambiwa alete watu kadhaa, akawaleta. Katika filamu tumeonyesha la pili: karani anahesabu, mkono wa jumbe unamgusa bega. Kijana hajui Burma iko wapi. Anajua shamba linaachwa bila mtu wakati mahindi yanakaribia kukomaa.

Na malipo yalikuwa ya rangi. Nyaraka za serikali ya kikoloni za baada ya vita zinaonyesha kuwa kiinua mgongo cha Mzungu wa cheo kilekile kilikuwa hadi mara tatu ya kile cha Mwafrika. Walikula matope yaleyale. Tumeliweka hili kwa njia ya mezani: mafungu mawili ya sarafu, na karani anayesogeza moja huku na moja kule bila kuinua macho.

Wapo waliorudi wakiwa na maswali ambayo dola haikuyapenda. Waruhiu Itote wa Kenya alipigana Burma akiwa keya, na baadaye akawa Jenerali China wa Mau Mau. Wengine, kama babu, walirudi kulima na hawakumwambia mtu chochote. Siwezi kumsifu mfalme kwa niaba yao, na siwezi pia kuwaita wajinga kwa sababu walitumikia bendera isiyo yao. Namchora mtu aliyewekwa pale, na jinsi alivyobaki mtu.

Fedha zilitoka wapi?

Mifukoni. Tulipiga picha za harusi na kutengeneza matangazo siku za wiki, tukachora usiku na Jumapili. Waigizaji wa sauti walikubali nauli na chakula, na majina yao yako mwanzo wa filamu, kabla ya yangu.

Sare na silaha ni sahihi?

Tulijitahidi. Kofia ni ile pana ya porini iliyovaliwa Burma, si tarbushi ya gwaride. Mtazamaji mmoja alituonyesha kuwa kifaru cha begani tulikigeuza upande, nasi tumekirekebisha katika nakala zote mpya.

Watoto waitazame?

Kuanzia miaka 12 hivi, wakiwa na mtu mzima. Damu ni kidogo. Usiku wa kuweweseka unaweza kuwaogopesha wadogo.

Nataka kuionyesha shuleni kwetu.

Ionyesheni, bure. Ombi langu ni moja: baada ya filamu msikimbilie tarehe. Waacheni wanafunzi kwanza waseme nani kwao alikuwa na koti.

Babu yangu naye alikuwa keya. Nianzie wapi kumtafuta?

Anzia ndani ya nyumba. Tafuta cheti cha kuachishwa jeshi, maana kina namba yake na kikosi chake, na bila namba utazunguka sana. Mara nyingi kimekunjwa ndani ya Biblia, msahafu au bati la biskuti pamoja na hati za shamba. Angalia nishani. Ya Burma ni nyota ya pembe sita, utepe wake buluu iliyokoza na nyekundu katikati, na ndani ya kila buluu mstari wa rangi ya chungwa. Kama alifia vitani, orodha ya CWGC inatafutika bure kwenye intaneti. Jaribu tahajia nyingi za jina, kwa sababu makarani waliandika walivyosikia. Waliokufa Burma bila kaburi linalojulikana majina yao yako Taukkyan, nje kidogo ya Rangoon. Nyaraka za taifa, Dar na Nairobi, zina mafaili ya wilaya yanayotaja uandikishaji na watu waliorudi.

Halafu waulize wanawake. Nilipoteza miaka miwili nikiwahoji wazee wa kiume kuhusu vikosi na vita. Bibi ndiye aliyenipa filamu, kwa dakika kumi, akichambua mchele.

Mwishoni, kwa nini anapiga hodi kwenye nyumba yake mwenyewe?

Hayo ndiyo aliyonipa bibi. Babu alirudi jioni, bila taarifa, baada ya miaka minne. Mlango ulikuwa wazi, jiko linawaka. Hakuingia. Alisimama nje akasema, "Hodi." Bibi akajibu kutoka ndani, kama unavyomjibu mgeni yeyote, "Karibu." Hakuitambua sauti. Akasema tena, "Hodi." Naye tena, "Karibu, pita ndani." Mara ya tatu bibi alitoka na mwiko mkononi kumtazama ni nani huyo asiyetaka kuingia.

Nilimuuliza bibi, "Kwa nini hakuingia tu?" Akaendelea kuchambua mchele. Kisha akasema babu alilivua koti kwanza, akalitundika kwenye ua, nje, na lilikaa huko mpaka mvua za mwaka uliofuata.